Mgongo umekata ghafla, nimelala sakafuni: mliopitia hili, siku za mwanzo mlifanyaje?

#1 Baba Kihonda
Wakuu habari za mchana. Naandika nikiwa chali kwenye mkeka sebuleni, simu nimeinyanyua juu ya uso, kwa hiyo mnivumilie herufi zikiruka.

Asubuhi nimeinama kuokota ndala ya mtoto chini ya kochi. Ndala wakuu, wala si gunia. Nikasikia "ta!" kiunoni, juu kidogo ya mkanda wa suruali, na mwili wote ukagoma. Kusimama siwezi, kukaa siwezi, nikijigeuza napigwa shoti. Nimetambaa kwa magoti mpaka hapa mkekani. Chafya ndiyo usiseme, imenijia moja tu na machozi yakanitoka.

Nina miaka 41, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Saruji nabeba kila siku na haijawahi kunifanya kitu. Sina kisukari, sina presha, sijaanguka popote. Maumivu yako kulia zaidi, yanashuka kidogo kwenye tako lakini gotini hayafiki. Homa sina. Mke wangu yuko kazini, jirani kaniletea diclopa moja na Panadol mbili, nimemeza na chai.

Sasa shemeji anataka kuleta bajaji nikachomwe sindano. Mwingine kapiga simu anasema nisijitikise wiki nzima nitapooza. Mwingine anasema nikapige MRI leo leo, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili. Nimsikilize nani? Na swali la aibu: choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nafanyaje?

#2 Mchokozi Halali
Ndala tena? Mkuu, mbele ya wanajukwaa sema ukweli 😂
Pole lakini. Naweka kiti hapa, na mimi kiuno changu si cha kuaminika.

#3 Mzizi Orijino
Hiyo ni ngiri imepanda. Mshipa ukivuta kiuno lazima kikatike, na usipowahi unakula nguvu za kiume. Nina dawa ya kuchemsha, siku tatu tu. Njoo inboksi.

#4 Fundi Chuma
#3 wewe hata kwenye uzi wa jino ulisema ni ngiri.

#5 Mnyoosha Viungo
Pole sana mkuu. Nafanya kazi ya fiziotherapia hospitali ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Wa namna yako nawapokea kila wiki, na wengi walikuwa wanafanya jambo dogo tu: kufunga kamba za viatu, kutoa ndoo bafuni, kumtoa mtoto kitandani.

Kabla sijakushauri chochote nijibu haya bila haya. Mkojo unatoka kama kawaida? Haja kubwa unaihisi na unaweza kuizuia? Kuna ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani pale panapokalia tandiko la baiskeli? Na hapo ulipolala, vidole vya miguu yote miwili unaweza kuvivuta kuja kwako na kuvisukuma mbele kwa nguvu?

Kama kuna jibu baya hata moja, achana na uzi, nenda hospitali kubwa sasa hivi. Mwisho wa uti wa mgongo kuna fungu la mishipa ya fahamu inayoendesha kibofu, haja na miguu. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ikichomoka ikalibana, mtu anahitaji upasuaji kwa haraka, na hapo tunahesabu saa. Akicheleweshwa anaweza kubaki na mkojo usiozuilika. Ni tatizo la nadra sana, lakini ndilo la kuuliza kwanza.

#6 Baba Kihonda
Mkojo umetoka vizuri, nilitumia chupa, msicheke. Ganzi hakuna. Vidole vinavutika vyote ila nikivuta wa kulia kiuno kinalalamika.

#7 Mnyoosha Viungo
Safi. Tuendelee.

Mgongo wa chini una pingili tano, kati yake kuna diski, nyuma kuna viungo vidogo vidogo, na misuli mingi imezunguka. Kimojawapo kimeshtuka, misuli ikakaza kukilinda, na huko kukaza ndiko kunakokulaza mkekani. Ni kipi hasa? Kwa watu kama 9 kati ya 10 hakuna kipimo kinachoweza kusema, na matibabu yake ni yaleyale. Ukali wa maumivu haukuambii ukubwa wa jeraha. Nimeona mtu anabebwa kwenye shuka anaingia kwangu analia, wiki mbili baadaye yuko shambani.

Leo fanya hivi. Lala chali, sogea kwenye kochi, mashavu ya miguu yalale juu ya kikalio cha kochi, mapaja yasimame wima. Wengi hapo ndipo pumzi inarudi. Kama hapakufai, lala ubavu, magoti umeyakunja, mto katikati ya magoti. Ukishatulia, anza kuyumbisha magoti pole pole kushoto na kulia, kidogo tu, pale ambapo maumivu yapo lakini hayakupigi ukelele. Rudia kila baada ya muda.

Kuinuka usijikunje kwa tumbo kama unavyoamka siku zote. Geuka ubavu, jisukume kwa mikono mpaka upige magoti, shika kochi, tanguliza mguu mmoja, simama. Ukiwa kitandani: ubavu, miguu ishuke nje, na mkono ukusukume kwa wakati mmoja. Toa pumzi wakati unanyanyuka, usiibane. Halafu tembea humo ndani hata kwa kushika ukuta au mpini wa fagio. Dakika mbili tatu, rudi upumzike, tembea tena.

Huyo wa kulala wiki nzima mwambie ni mambo ya zamani. Mwaka 1986 Marekani walilinganisha waliolazwa siku mbili na waliolazwa saba: wa saba hawakupona mapema, walipoteza siku za kazi tu. Mwaka 1995 wakapima tena kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki. Walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu ndio waliopona mapema, kuliko waliolala na hata kuliko waliopewa mazoezi maalumu ya mgongo.

Choo sasa. Chukua kiti cha plastiki, kata tundu katikati ya kikalio, lainisha kingo kwa kisu cha moto zisikukate, kiweke juu ya tundu la choo. Wagonjwa wangu wengi hawana choo cha kukaa na hiki ndicho kinachowaokoa. Kiti kiwe cha mikono upate pa kushika. Na kunywa maji, kula papai, mboga za majani, maana ukipata choo kigumu wiki hii utajuta kwa kila kukamua.

#8 Mchokozi Halali
Hapo kwenye kisu cha moto nimeinua mikono. Huu uzi una wataalamu.

#9 Dokta wa Zamu
Mwenzangu #5 kamaliza sehemu kubwa. Niseme ya dawa, maana hapo #1 kuna jambo.

Diclopa ni diclofenac iliyochanganywa na parasetamo tayari. Ukiongeza Panadol unarundika dawa ileile. Mtu mzima asizidi gramu 4 za parasetamo kwa saa 24, na kwa mnywaji wa kila siku hata hizo ni nyingi. Kwa leo tulia na ulichomeza, kuanzia sasa chagua moja.

Halafu parasetamo peke yake kwa mgongo wa ghafla haina maajabu. Australia waliijaribu kwa watu zaidi ya 1,600, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014. Waliomeza parasetamo, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 17. Waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani, siku ya 16. Hukohuko Australia mwaka 2023 wakajaribu dawa kali za jamii ya mofini, nazo hazikushinda kidonge kitupu. Kwa hiyo anayekimbilia tramadol ya dukani ananunua kizunguzungu na choo kigumu.

Diclofenac na ibuprofen zinasaidia kiasi. Hazikuponyi, zinakupa nafasi ya kujongea. Diclofenac 50 mg mara mbili au tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku chache. Usizichanganye mbili hizo, ni ndugu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, ugonjwa wa moyo, presha isiyoshuka au pumu asijinunulie, aulize kwanza.

Sindano: dawa ni ileile ya kwenye kidonge, labda inatangulia kidogo kuanza kazi. Ila ikichomwa vibaya takoni inaweza kupata mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtu aliyeingia na kiuno akatoka na mguu unaoburuta. Anayeweza kumeza, ameze. Na ukienda duka la dawa ukachomwa "mchanganyiko", uliza umechanganywa nini. Mara nyingi kuna steroidi humo, dawa inayopandisha sukari, na kwa mwenye kisukari asiyejijua ni hatari.

#10 Mama Pacha
Dokta samahani, mimi ni mjamzito wa miezi saba, kiuno kimeniuma hivyohivyo jana. Diclofenac naweza?

#11 Dokta wa Zamu
Hapana dada, wala ibuprofen, hasa ukishapita nusu ya ujauzito. Zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto. Parasetamo unaruhusiwa, pamoja na hayo malalo ya ubavu na mto katikati ya magoti. Na kwako kuna swali jingine: maumivu yanakuja na kuondoka kwa vipindi? Tumbo linakaza? Kuna maji au damu? Mojawapo likiwa ndiyo, nenda kliniki leo.

#12 Mtaalamu wa Vijiweni
Mbona hamsemi figo? Kiuno kikiuma ni figo, kila mtu anajua. Mleta mada anywe maji ya kutosha.

#13 Dokta wa Zamu
Figo zimekaa juu zaidi, chini ya mbavu kwa nyuma. Mwenye jiwe kwenye figo maumivu yanamjia kwa mawimbi, yanashuka kuelekea kinena, na mtu hatulii: anasimama, anakaa, anagaagaa akitafuta pa kuyaweka. Mwenye mgongo ni kinyume chake, anaogopa hata kupumua kwa nguvu. Mleta mada hajathubutu kupiga chafya ya pili. Ukiona homa na baridi kali, mkojo unaochoma au wenye damu, hapo kapime.

#14 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Pole mwanangu. Sisi huku Unguja mtu akikatika kiuno hukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha achuliwe kwa mafuta ya karafuu, taratibu. Wengine hupiga chuku, yaani kuumikwa kwa pembe. Mie nilikandwa na dada yangu nikaweza kusali nimesimama siku hiyohiyo, japo kurukuu nilirukuu kwa kiti.

#15 Mnyoosha Viungo
Shikamoo Bi Mkubwa. Kukanda kwa moto nakubaliana nako kabisa, joto linalegeza msuli. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga, robo saa, ngozi isiungue. Kuchua kwa mkono mwepesi sawa. Ninachokataza ni yule fundi wa mtaani anayekanyaga mgongo kwa miguu au kuukunja mpaka ulie. Mzee mwenye mifupa iliyopungua nguvu anaweza kuvunjwa pingili.

#16 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Marahaba baba. Huyo wa kukanyaga hata sisi hatumtaki.

#17 Dada wa Kalenga
Naomba niseme na mimi maana watu watasoma huu uzi wakadhani kila mgongo utapona wenyewe.

Kaka yangu mgongo haukumkata ghafla. Ulianza pole pole wakati wa kuvuna mahindi, kila mtu akasema ni kazi. Akanywa diclo miezi na miezi. Usiku analowa jasho mpaka anabadilisha shuka, suruali zikawa zinamvuka, hakohoi hata kidogo. Tulikuja kushtuka alipoanza kujikwaa, miguu haina nguvu, na katikati ya mgongo kumetokea nundu ndogo ukipitisha mkono. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Dawa kazipata bure kama ilivyo TB nyingine, amezimeza muda mrefu, sasa anatembea, ila ile nundu haikurudi ndani.

Sisi wote tulijua TB ni kikohozi.

#18 Dokta wa Zamu
Asante sana dada, hili nimelikuta wodini zaidi ya nilivyopenda. TB ya uti inapenda kuja kimyakimya, bila kikohozi. Na kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi kuna brusela: homa inayokuja na kuondoka, viungo na kiuno.

Kwa hiyo mgongo unaouma usiku hata ukilala, unaozidi wiki hadi wiki, pamoja na homa, jasho au kukonda, usiutibu kwa diclo nyumbani. Vilevile aliyewahi kuwa na saratani, mwenye VVU, anayetumia steroidi muda mrefu, aliyeanguka au kupata ajali ya boda, na yeyote aliyeanza kuumwa mgongo kwa mara ya kwanza akiwa utu uzima mkubwa. Mzee wa kiume mwenye mgongo mpya usiopoa, tunamfikiria na saratani ya tezi dume.

#19 Baba Kihonda
Mrejesho. Usiku ulikuwa mrefu lakini kulala ubavu na mto kumesaidia. Asubuhi nimekuwa mgumu kama mbao, nimejiviringisha kama mlivyosema nikasimama, nimetembea mpaka mlangoni na fagio langu. Kiti cha plastiki kimekatwa na kijana wa dukani, Mungu ambariki. Shemeji kanuna kwa sababu ya sindano.

Sasa swali la MRI. Ndugu wamekuwa tayari kuchanga. Niende?

#20 Mnyoosha Viungo
Hela hiyo iweke. Mwaka 1994 watafiti Marekani walipiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja. Wazima hao, hawaumwi! Sasa wewe ukipiga leo, majibu yakasema "diski imetuna" (na kwa miaka 41 uwezekano ni mkubwa), utaanza kutembea kama umebeba mayai, na ndugu watakutafutia mpasuaji.

Napeleka mtu MRI kukiwa na zile dalili za #5 na #18, au maumivu yanashuka mguuni chini ya goti na hayapungui baada ya wiki kadhaa, au mguu unazidi kuishiwa nguvu. Na hata diski iliyochomoka kweli, nyingi husinyaa zenyewe kwa miezi.

#21 Dereva wa Salalah
Niko Oman naendesha lori, Maskati kwenda Salalah na kurudi, karibu kilomita 1,000 kwenda tu. Mimi ulinikata nikishuka kwenye kabini, sio nikiendesha. Kumbe ndivyo ulivyo: unakaa saa nyingi kiti kinatetemeka, unaruka chini, kiuno kinakwambia ngoja. Siku hizi nikisimama kujaza mafuta natembea kwanza kuzunguka lori ndipo niguse turubai au tairi. Kushuka nashuka kwa ngazi nikiangalia gari, siruki. Na pochi nimeitoa mfuko wa nyuma, nilikuwa nakalia kibonge upande mmoja.

#22 Msomaji wa Likoni
Hapa Mombasa mimi huvaa mkanda wa kiuno nikiwa kazini bandarini. Je, unazuia usirudi?

#23 Mnyoosha Viungo
Siku za mwanzo ukikupa ujasiri wa kusimama, vaa saa chache. Kuzuia usirudi, tafiti hazijaonyesha kuwa unafanya hivyo.

Kinachozuia ni mwendo, na nasema mwendo wa miguu kabisa. Mwaka 2024 lilitoka jaribio la Australia, watu 701 waliotoka kupona mgongo. Nusu walipangiwa kutembea, wakipanda taratibu kufikia kama dakika 30 mara tano kwa wiki, wakiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Nusu wakaachwa. Kundi lililoachwa, nusu yao mgongo ulikuwa umerudi kufikia siku ya 112. Waliotembea, siku ya 208. Bure, hakuna mashine. Nikiwaambia wagonjwa wananiangalia kama nimewanyima dawa.

#24 Fundi Chuma
Na godoro? Mimi niliambiwa nilale sakafuni maisha.

#25 Mnyoosha Viungo
Sakafu ni ya siku mbili za shida kama ya mleta mada, kwa kuwa kitanda chenye shimo katikati hakikuruhusu kugeuka. Kwa maisha, Wahispania walipima mwaka 2003: walio na mgongo sugu walifaidi zaidi godoro la ugumu wa wastani kuliko gumu kabisa. Godoro likishabonyea, geuza, na likibonyea pande zote nunua jingine.

#26 Baba Kihonda
Wakuu, leo nimefika dukani. Natembea kama bata ila natembea. Tako bado linavuta nikikaa sana kwenye stuli. Saruji nianze lini?

#27 Mnyoosha Viungo
Stuli iondoe, au inuka kila mteja akiingia. Mfuko wa kilo 50 waachie vijana kwa sasa. Anza na misumari, rangi za lita nne, ukiona kesho yake hujarudi nyuma ongeza. Wengi ndani ya wiki sita wanarudi kwenye mzigo wao wa zamani. Ukirudi, mfuko ukumbatie ugande tumboni ndipo uinuke, usiuchukue kwa mikono iliyonyooka, na usijipinde ukiwa nao, geuza miguu. Mifuko ya juu ya rundo ndiyo uanze nayo, ile ya chini kabisa mbebe wawili. Ukisikia mguu umeanza ganzi au kukosa nguvu, usiniandikie hapa kwanza, nenda hospitali.